Siku tatu za kupika rangi na kusafisha mikoko Bagamoyo: pesa yangu haikupotea, ila lile duka la mlangoni nina neno nalo

Jamani habari zenu. Wengi mliona picha nilizoweka stetasi mikono imekua ya kahawia mpaka kwenye viwiko mkaniuliza hina gani hiyo, sio hina, ni magome ya mkoko. Nilienda kwenye warsha ya siku tatu Bagamoyo, wenyewe wanaiita ya sanaa, ibada na kutunza ardhi, Ijumaa mpaka Jumapili, katikati ya mwezi wa tisa. Naandika kwa sababu kabla sijaenda nilitafuta mtu aliyewahi kwenda anieleze vizuri nikakosa, nikakuta watu wameandika "pazuri sana" na vikopa basi. Na shilingi 85,000 kwa fundi cherehani wa Temeke sio hela ya kuchezea, hapo chakula cha mchana ndani, kulala juu yako mwenyewe. Kwa hiyo nitasema yote, yaliyonigusa na yaliyonikera.

Niseme kwanza kilichonipeleka maana ndo kitakusaidia kujua kama hii kitu ni yako au sio yako. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki mwaka juzi mwezi wa kwanza. Tangu hapo naswali, sijaacha, lakini naswali kama mtu anayesaini daftari la mahudhurio, mdomo unasoma roho iko mbali huko inahesabu oda za watu. Nilishaenda kwenye mawaidha, nikasikiliza za kwenye simu usiku mpaka chaji inaisha, maneno mazuri, yanaingia sikio hili yanatokea lile. Shoga yangu tunayefanya nae kazi ofisi moja, yeye ni Mkatoliki, ndo aliyeniambia twende, kanisani kwao walitangaza kwa sababu ile ni miezi yao ya kuombea viumbe na mazingira, inaanza 1 Septemba inaisha 4 Oktoba sikukuu ya Fransisko wa Assisi. Nikamwambia mimi nitafanya nini huko, akasema nimeuliza, Waislamu wapo wengi tu na ustadh yupo. Nikaenda.

Tulipanda gari Makumbusho alfajiri. Tangazo linasema kuanza saa nne kamili, tumefika saa tatu na nusu tumekaa kwenye benchi mpaka saa sita kasoro ndo mtu anakuja kutukaribisha, na hakuna aliyesema samahani. Hilo la kwanza. Saa sita kasoro siku ya Ijumaa maana yake mmeanza tu wanaume wanaondoka kwenda msikitini, kwa hiyo kazi yenyewe imeanza saa nane na kitu. Siku nzima imeliwa.

Lakini walipoanza, jamani, walianza vizuri. Hakuna hotuba, hakuna kujitambulisha mmoja mmoja watu 24 unatoka wapi unatarajia nini. Kulikua na bibi mmoja mtu wa hapo hapo Bagamoyo, mzee hasa, tumemuamkia shikamoo bibi, marahaba wanangu, haya vueni viatu mje huku nyuma. Huko nyuma kuna masufuria mawili makubwa jikoni, moto wa vifuu na makumbi ya nazi, ndani magome yamelowekwa tangu usiku wa jana. Ndo kazi ya kwanza hiyo, kukoroga. Mimi ni mtu wa vitambaa miaka 14 sasa, rangi naijua ya pakiti unayoimwaga kwenye maji ya moto na chumvi, hii ya magome nilikua naisikia tu kwamba wazee walikua wanatilia nyavu na matanga. Yale maji yanaanza mekundu mepesi kama chai ya rangi, yanaendelea kukolea mpaka yanakua kama damu ya mzee. Harufu yake ni ya matope ya pwani na ngozi mbichi, haitoki nguoni kirahisi, nenda na nguo ya kazi.

Nikamuuliza bibi magome mnatoa wapi, maana mikoko ni hifadhi na kukata bila kibali ni kosa. Sikumuuliza kwa kumtega, nilitaka kujua kweli. Akasema hawachuni mti uliosimama hata siku moja, wanaokota kwenye ile iliyoangushwa na bahari pale ufukwe unapoliwa, na hata hiyo wanawauliza kwanza watu wa misitu. Akanionyesha kwa mkono, hili gome la mkoko wenyewe, hili la mkandaa, la mkandaa ndo linakoleza zaidi. Anaijua mikoko kwa majina kama unavyowajua watoto wa mtaani kwenu, mchu, mlilana, msinzi, mkomafi, na mlilana ndo unaosimama mbele kabisa na bahari. Nimezaliwa pwani na mimi nilikua nasema mikoko tu, yote mikoko.

Kitambaa walichotupa ni marekani, ile pamba ngumu isiyopaushwa. Hapa kijana mmoja msanii, wapo kama wanne na baadhi yao wamepitia TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, akatueleza kitu kifupi ambacho mpaka leo sijakitoa kichwani. Akasema mnajua kwa nini kinaitwa marekani, kwa sababu karne ya 19 kilikua kinakuja na merikebu za Wamarekani, na pwani hii kikawa ndo pesa yenyewe, kinafungwa mizigo hapa hapa Bagamoyo kinapanda na misafara kwenda bara, kinachorudi ni pembe za ndovu na watu. Akanyamaza. Kisha akasema, haya, juu ya kitambaa hicho kila mtu achore deni lake kwa ardhi, kitu unachochukua au unachoharibu wewe kwa mikono yako, sio serikali, sio viwanda, wewe. Unachora kwa nta ya moto kwanza, kisha unazamisha kwenye rangi ikishapoa maana ya moto ingeyeyusha nta, na ukitaka mstari mweusi kuna maji ya misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki, ukipitisha brashi juu ya rangi ya magome panageuka peusi hapo hapo unaona kwa macho.

Nilikaa na kitambaa changu labda nusu saa sijagusa. Wengine wanachora miti iliyokatwa, dunia ina machozi, sijui nini. Mimi likanijia gunia. Kila Jumamosi jioni ofisini tunafagia vipande, tunajaza gunia, tunachoma nyuma ya choo. Vingi ni tetroni za sare za shule, tetroni haiungui kama pamba, inayeyuka inadondoka matone meusi na moshi wake unakaba koo. Na nikakumbuka mama alipokua hai hakuna kipande kilichochomwa pale. Alikua anakuja Jumamosi na mfuko wake anachambua, vya pamba huku vya tetroni huku, anaunga mashuka ya viraka na mito anagawa kwa jirani waliojifungua. Hakuwahi kutumia neno mazingira hata mara moja, alikua anasema tu, hiki bado kina kazi. Alipofariki vile vipande vikakosa mtu, tukaanza kuchoma, na mimi sikuwahi hata kugundua kwamba tulianza. Basi nikachora gunia na moshi, gunia kwa nta, moshi kwa maji ya kutu. Sio picha nzuri, gunia linafanana na kiazi. Nililia pale kwenye mkeka na hakuna aliyekuja kunigusa bega au kuniuliza una nini, bibi alinisogezea tu kopo la maji akaendelea na sufuria lake. Hapo warsha iliniweza.

Nilikua na kipande cha tetroni kwenye pochi, sijui kilifikaje, nikakizamisha pamoja na marekani nione. Marekani ilikunywa rangi mpaka ndani, tetroni ilitoka karibu kama ilivyoingia, imepata uwekundu kidogo kwenye mshono tu. Kitambaa kisichokunywa rangi ya mti ndo hicho hicho udongo hauwezi kukila.

Jioni kuna maongezi chini ya mti wa mkungu, ustadh na katekista wamekaa mkeka mmoja. Walikua wafupi, nawasifu kwa hilo. Ustadh akasema binadamu ameletwa ardhini khalifa, na khalifa ni mtu wa kuachiwa amana, atakuja kuulizwa. Akataja ile hadithi ya Mtume kwamba hata kiama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda aupande. Na akataja aya ya kwenye sura ya Israa kwamba mbingu saba na ardhi na vilivyomo vyote vinamsabihi Mungu ila ninyi hamfahamu kusabihi kwao. Katekista akaongelea barua ya Papa Francis ya 2015, Laudato Si', kwamba jina lake limetoka kwenye utenzi wa yule yule Fransisko anayeliita jua kaka na maji dada, na kwenye Mwanzo mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, vyote viwili, sio kulima tu. Kilichonikaa zaidi sio walichosema. Magharibi ilipoingia ustadh alitawadha na kopo moja dogo, nilimuangalia, mpaka miguu, na maji yakabaki akamwagia mchicha. Mimi nyumbani nafungulia bomba.

Sasa Jumamosi. Kwenye tangazo wameandika tutaenda mikokoni, nikajua tunaenda kupanda miti kama wanavyofanya watu wa maofisini, unapewa tisheti unapanda mche unapiga picha. Hatukupanda hata mmoja. Kuna watu walinung'unika, mwenzetu mmoja alisema wazi kwamba amelipa nauli kutoka Morogoro ili apande mti, na mimi moyoni nilikua upande wake. Walikua wameipanga tarehe kwa kuangalia mwezi wa angani, siku za bamvua, kwa hiyo saa nne asubuhi maji yamekupwa kabisa na matope yote yako wazi. Wakatugawia magunia. Mchu una mizizi inayotoka juu ya matope kama vidole au penseli zimechomekwa, maelfu, ndo pua zake hizo, unapumua kwa hapo, na yale matope chini hayana hewa. Sasa kwenye zile pua kumejisokota nyuzi za nyavu, nailoni, ndala, chupa, viroba, nepi za watoto. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 lakini mle kwenye matope bado ipo, unavuta inatoka na maandishi yake yanasomeka.

Bibi alikuja mpaka huko na fimbo yake. Yule wa Morogoro akamuuliza bibi kwa nini tusipande, akamjibu, mwanangu, mkoko mbegu yake inaota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, ikidondoka iko tayari, bahari inaibeba inaipeleka panapoifaa, inajipanda. Wewe ukipanda unapanda unapopaona wewe pazuri, maji yanakuja yanang'oa. Mnapoona papo wazi sio kwamba hapana mbegu, zinakuja ila zinakuta takataka. Ondoeni, zitaota. Basi tukaondoa. Kuinama masaa matatu, unakata uzi mmoja mmoja na wembe bila kuvunja vidole vya mti, ukivunja unasikia vibaya kama umemvunja mtu. Watu walinyamaza wenyewe hakuna aliyeambiwa. Na kwenye ule ukimya matope yanalia, yanatoa vimlio vidogo vidogo tik tik tik kila mahali, kaa, mapovu, sijui na vidudu gani, nikaikumbuka ile aya ya jana. Tulijaza magunia 11. Nyuzi za nyavu zikatengwa peke yake, tukaziosha, kumbe ndo uzi wa kazi ya Jumapili.

Kwa hiyo kama unaenda kwa ajili ya kupanda mti usiende, utanuna. Mimi niliyenuna saa nne, saa saba nilikua nishaelewa. Kupanda ungenifanya nijione nimetoa sadaka. Hii ilinifanya nijue nimeokota vyangu.

Mchana walitupeleka Kaole, mji wa kale wa Waswahili, magofu yake yako kama kilomita 5 kusini mwa Bagamoyo, kiingilio unajilipia. Mtembezaji aliongea haraka sana na alikua anasukuma watu, sikufaidi. Ila ule msikiti wa karne ya 13 wa mawe ya matumbawe, na kaburi la Sharifa ambapo watu mpaka leo wanaenda kuomba dua, na mikoko iliyosogea mpaka bandari yao ya zamani ikajifunga, vile tu vilitosha. Tungepewa saa moja kukaa na kuchora kwa mkaa kama ratiba ilivyosema ingekua kitu kikubwa. Tulipewa dakika kumi. Na saa ya ukimya jioni wakafungulia spika mziki wa filimbi, sasa ukimya gani huo, bahari ipo pale inapiga bure kabisa. Waitoe ile spika.

Jumapili asubuhi shoga yangu na Wakristo wengine walienda misa pale misheni, sisi tuliobaki tukaanza kuunga vitambaa. Vitambaa 24 vya madeni ya watu viwe pazia moja kubwa la kutundika kati ya minazi miwili, kushona kwa mkono, uzi ndo zile nailoni za nyavu na pamba kidogo. Wasanii walikua wanashona ovyo, nisameheane nao, wanajua kuchora ila mshono ulikua unaachia. Nikasema jamani nipisheni. Nikakaa chini nikashona kwa mshono wa mama, ule wa kurudi nyuma hatua moja kila ukienda mbele mbili, anautumia kwenye viraka kwa sababu hata uzi ukikatika sehemu moja pengine panashika. Sindano kubwa, nailoni ngumu inakata kidole. Nimeshona labda nusu saa ndo nikajisikia nasema subhanallah. Kila sindano ikizama subhanallah, ikitoka subhanallah. Sikua nimeamua. Sijui nilianzia mshono wa ngapi. Na roho ilikuwepo, haikua inahesabu oda. Adhuhuri ilipoingia nikaenda kuswali na vidole vina damu kidogo na nikaswali, nielewe vizuri ninachosema, nikaswali.

Siwezi kukuahidi kwamba na wewe itakutokea. Ninachoweza kusema ni kwamba wale watu waliiweka kazi mbele, maneno wakayaweka nyuma, machache, na mikono ikishachoka maneno machache yanaingia. Mimi mawaidha nilikua nayasikiliza nimekaa kwenye kiti cha plastiki mikono imelala.

Mchana pazia likatundikwa, upepo wa bahari unalipiga, rangi ya kahawia na nyeusi, watu wa soko la samaki wakaja kuangalia, mzee mmoja mvuvi akatambua nyavu akacheka akasema hii nailoni yetu hii, kisha akasimama mbele ya kitambaa kimoja muda mrefu, mtu alichora samaki wadogo wadogo kwenye mtego. Hiyo ndo ilikua ibada ya kufunga. Bahati mbaya wakaleta mgeni rasmi, ameongea dakika 50 juani kuhusu umuhimu wa utunzaji wa mazingira kwa maendeleo endelevu, na mbele yake mezani zimepangwa chupa za maji za plastiki. Siku zote tatu chakula cha mchana tulipewa maji ya chupa ndogo, mimi peke yangu nimetumia sita. Tumetoka kukata plastiki kwenye pua za mchu tunakuja kufungua plastiki mezani. Nilimfuata mratibu nikamwambia wekeni mtungi na vikombe, akasema wazo zuri tutalifanyia kazi. Nasubiri.

Na lile duka. Ukitoka unapitishwa mle. Wana batiki, shanga, na meza nzima ya vinyago vya mpingo. Kazi ya mikono ni safi, sina ubishi, mchongaji anajua. Lakini mpingo unachukua miaka 70 mpaka 100 kufikia wa kuvunwa, nilimuuliza muuzaji kwa heshima huu mpingo umetoka kijiji gani, msitu wa nani, kuna anayepanda, hakujua hata kimoja, akasema mama usijali ni orijino. Bibi kule nyuma anaweza kukueleza kila gome limeangukia wapi, huku mbele mti wa miaka 80 hauna hata jina la kijiji. Na kijana mwingine akaniambia vingine vimepakwa kiwi ya viatu vifanane na mpingo, sasa hapo ni mawili, ama tunamaliza mti ama tunadanganya mteja. Kwa mahali pengine ningenyamaza, kwa pale siwezi, kwa sababu wao wenyewe ndo walioniambia nichore deni langu. Wachore na la duka.

Nyota nne natoa. Ya tano imebaki kwenye chupa na vinyago.

Ukienda: nguo za kazi mbili, ndala za kufunga nyuma maana matope yanameza, wembe au mkasi wako mdogo, kofia. Gesti tulilala ya 20,000 kwa usiku, safi, maji yapo, neti ina matundu. Uliza kwanza tarehe zao ziangukie bamvua, ikiwa maji mafu mikokoni hampati muda wa kutosha. Usikae meza ya mbele, nenda nyuma kwenye masufuria ukae karibu na bibi. Na beba kitambaa chako cha pamba tupu, kanga kuukuu iliyopauka ndo nzuri kuliko zote.

Bibi aliniomba vipande vya pamba vya ofisini, anataka kufundishia watoto wa mtaa wake kutia rangi. Ninavyo magunia mawili chini ya cherehani, vimechambuliwa, nimechambua mwenyewe Jumamosi mbili. Vya tetroni bado sijajua nifanye navyo nini, viko kwenye gunia la tatu, hatujavichoma. Kama kuna fundi humu anajua vinapokelewa wapi aniandikie.